Mkaguzi hadai maendeleo kila baada ya dakika 20
Kwa muda mrefu walimu wengi wa Uingereza waliamini kwamba mkaguzi wa Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule nchini humo, akiingia darasani ni lazima aone maendeleo ya wanafunzi ndani ya dakika 20, hivyo wakalikatiza somo mara kwa mara ili watoto waonyeshe majibu kwenye vibao vidogo. Sharti hilo halipo, na tangu 2014 Ofsted haitoi daraja kwa somo moja moja. Isitoshe, jibu sahihi la kuzidisha sehemu, likitolewa papo hapo baada ya maelezo, halithibitishi kwamba mwanafunzi atalikumbuka wiki tatu baadaye. Swali la katikati ya somo lina thamani kubwa pale mwalimu anapokuwa tayari kurudia maelezo kwa namna nyingine, akishaona vibao vimejaa makosa.