Mkataba wa Maktaba si Msahafu

"Umeshapigwa chapa, haubadiliki." Ndivyo wasemavyo wenzangu wa maktaba hapa Lamu ukifika mkataba wa majarida ya kielektroniki kutoka kwa muuzaji. Si kweli. Ile ni bei ya kwanza, kama ya mwenye boti gatini Mokowe akiona begi la mgeni. Kata mstari, andika pembeni, urudishe.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba kifungu cha sheria ya nchi gani itumike ni pambo la mawakili. Kisome, huwa karibu na mwisho: mzozo wowote utaamuliwa kwa sheria za jimbo la New York, katika mahakama za huko. Basi siku muuzaji akikufungia huduma uliyokwisha kuilipia, utaidai haki yako ng'ambo, kwa wakili wa ng'ambo, pengine kwa fedha zinazozidi mkataba wenyewe. Omba sheria ya Kenya. Akikataa, msigombane: pendekeza kifungu kifutwe kizima. Mkataba ukinyamaza, suala hilo hubaki wazi hadi siku ya mzozo, na ni afadhali hivyo kuliko kujifunga mapema. Muuzaji asiyekubali sheria yako mara nyingi hukubali kimya.

Wapo wanaodhani kifungu cha fidia humlinda kila mtu. Tazama nani anamlipa nani. Aghalabu maktaba ndiyo inayoahidi kubeba gharama zote iwapo msomaji atakiuka masharti. Nani awezaye kumdhamini kijana aliyekaa barazani na simu yake? Ahidi unaloliweza: kuwajulisha wasomaji masharti, na kuchukua hatua ukijua yamevunjwa. Kisha geuza kibao: muuzaji naye akulinde iwapo mwenye hakimiliki atazuka na kudai makala zile hazikuwa zake kuziuza.

Bei kuwa siri? Maktaba ya umma isiahidi hilo. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

"Tukishalipa ni yetu" nayo ni ndoto, isipokuwa mkataba utaje wazi kwamba miaka mliyoilipia itaendelea kusomeka usajili ukiisha.

Wala mkataba haufi wenyewe mwaka ukiisha; mikataba mingi hujihuisha. Ikiwa notisi ya kuusitisha ni siku 60 kabla ya Desemba 31, mwisho wako ni Novemba 1. Mimi tarehe hiyo huiandika ukutani kwa wino mwekundu, kando ya jedwali la maji kujaa na kupwa.