Oili imo, ila haipo inapotakiwa

Mteja mmoja aliniletea hapa Diani kwadi yake kuukuu (pikipiki ya magurudumu manne), Honda TRX400EX, na kidumu cha oili mkononi. "Fundi, hii inakunywa kama ng'ombe wa kiangazi," akaniambia. Kila asubuhi akipima, kijiti cha kupimia oili kinatoka kikavu, naye anaongeza. Moshi wa buluu ulikuwa unafuka mpaka wageni wanaziba pua. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshampigia hesabu ya pistoni na ringi mpya.

Mimi nilianza kwa kufungua boksi la filta ya hewa. Ndani mlikuwa na dimbwi la oili. Nikajua ringi zinasingiziwa.

Injini hii, silinda moja ya cc 397 inayopozwa na upepo, haiweki oili yake chini ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kama bodaboda nyingi. Ina tangi la pembeni. Pampu nayo ina sehemu mbili: moja huvuta oili kutoka tangini na kuisukuma kwenye krenki na huko juu kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vavu), nyingine hufyonza ile iliyodondoka chini na kuirudisha tangini. Kwadi ikilala, oili huteremka polepole kupitia pampu hiyohiyo mpaka tumboni mwa injini. Asubuhi tangi linaonekana tupu, kumbe oili imo yote. Ukiongeza, ukishawasha tu, ile ya chini inarudi, tangi linafurika, na ziada inatokea kwenye mpira wa kupumulia hadi boksi la hewa, kisha silindani. Moshi ndio huo.

Basi pima hivi: washa, iache ingurume taratibu dakika tano, zima, futa kijiti, kichovye bila kukikaza, ndipo usome. (Nasema "oili" makusudi. Niliwahi kumtuma kijana "mafuta", akaniletea petroli.)

Oili ilipokaa kwenye kipimo hicho, moshi ukaisha. Lakini bado nilisikia tiki-tiki huko juu, na sauti hiyo huwa siipuuzi. Nilifungua vifuniko vidogo vya kurekebishia vavu nikachungulia roka, vile vikono vinavyosukuma vavu, injini ikiwa inanguruma: unyevu tu, pale ambapo oili ilitakiwa iruke mpaka inichafue. Nikazima palepale. Kamshafti isiyopata oili haikupi muda wa kufikiri.

Nikaenda kwenye filta ya oili, kwa kuwa ni bolti chache tu. Ina maandishi OUT-SIDE, na upande huo lazima utazame nje, springi ikae nyuma yake. Ikigeuzwa, njia inazibika. Yake ilikuwa sawa.

Baada ya hapo nikamwaga oili ikiwa bado moto, ya tangini chombo chake na ya injini chombo chake. Hiki kipimo hakigharimu kitu na nashangaa mafundi wengi hawakitumii. Injini ikizimwa baada ya kunguruma, oili nyingi inatakiwa iwe tangini. Ikitoka nyingi kwenye injini, sehemu ya kufyonza imechoka au inavuta hewa. Hapa tangi lilikuwa na oili yake ya kutosha, kwa hiyo ufyonzaji ni mzima na kasoro iko upande wa kusukuma.

Nilipofungua kava la klachi ili niifikie pampu niliona silikoni imevimba pembezoni mwa gasketi kama ugali uliomwagika sufuriani. Vipande vyake vilikuwa vimenasa kwenye njia ya oili ya kwenda juu. Silikoni naichukia. Gasketi ya karatasi, nyuso safi na oringi mpya vinatosha. Rota za pampu, zile sehemu zinazozunguka ndani yake, nilizipima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi): nafasi kati ya ncha zake ilikuwa chini ya milimita 0.20, na hazikuwa na mikwaruzo ya mchanga, nikazirudisha.

Oili niliyoweka ni 10W-40 yenye alama ya JASO MA, yaani oili ya pikipiki, kwa sababu klachi inaogelea humohumo, na zile oili za magari za kupunguza ulaji wa petroli huifanya iteleze.

Kabla ya kuwasha nilijaza rota oili, nikachomoa plagi, nikasukuma stata kwa vipindi vifupi huku vifuniko vya vavu viko wazi. Mara ya nne oili ikachomoza kwenye roka, ikanirukia kifuani. Shati lile mke wangu amelifanya dekio.