Kukata vilele vya OFDM: hesabu kabla ya mkasi

OFDM hutuma data kwa mawimbi bebaji mengi kwa wakati mmoja. Mawimbi bebaji 1,200 ya LTE (mtandao wa simu wa 4G) ya MHz 20 yakijumlishwa, mara nyingine mengi hupanda kwa pamoja na kilele huchomoza. Yote yakipatana awamu, kilele kingezidi wastani kwa desibeli 30.8. Hilo ni la kwenye karatasi tu. Kinachotusumbua ni kilele cha simboli (kipande kimoja cha mawimbi hayo yaliyojumlishwa) moja kati ya 1,000, ambacho huwa desibeli 11.5 hadi 12. Kipaza nguvu kinapaswa kuachiwa nafasi hiyo, na nafasi hulipiwa umeme: kipaza cha daraja B chenye ufanisi wa kinadharia wa asilimia 78.5 kikiwa kileleni, kikishushwa desibeli 10 hubaki na asilimia 25 hivi. Zinazobaki ni joto.

Mimi huanza na kukata na kuchuja. Chukua data kabla ya IFFT (hesabu inayogeuza masafa kuwa wimbi la muda), uipanue kutoka nafasi 2,048 hadi 8,192 kwa kutia sifuri 6,144. Sifuri hizo zinakaa katikati ya safu, kati ya masafa chanya na hasi. Ukizitupa mwishoni, masafa hasi yatahama mahali pake na kila kitu kitaharibika. Upanuzi huu wa mara 4 si anasa: vilele vingi hujificha kati ya sampuli, na usipovitafuta hapa utavikuta kwenye kipaza.

Baada ya IFFT, tafuta RMS (kipeo cha pili cha wastani wa miraba ya sampuli). Kwa kikomo cha desibeli 7, zidisha RMS kwa 2.24. Sampuli inayozidi hapo ishushe hadi kikomo, lakini awamu yake iache ilivyo. Wanaokata I peke yake na Q peke yake (sehemu mbili zinazounda kila sampuli) huipotosha awamu bure. Kisha fanya FFT (kinyume cha IFFT), futa kila kitu nje ya zile nafasi 1,200, urudi kwenye muda. Vilele vitaota tena kidogo, kwa hiyo rudia mara 3 au 4. Kiambishi cha mzunguko (nakala ya mwisho wa simboli inayowekwa mbele yake) kinaongezwa mwisho kabisa, si kabla.

Sasa gharama. Kwenye desibeli 7, kama sampuli 7 tu kati ya 1,000 huvuka kikomo, na EVM (kipimo cha data kupotoka kutoka mahali pake) ya mkato mmoja ni karibu asilimia 2.5. Shuka hadi desibeli 6, inafika kati ya 4 na 5. Kituo cha LTE kinaruhusiwa asilimia 8 kwa 64QAM (biti 6 kwa kila wimbi bebaji), lakini 3.5 tu kwa 256QAM (biti 8). Makosa hujumlishwa kwa miraba: ukishatumia 2.5, zimebaki kama 2.4 za kipaza, osileta na vyote vingine. Kwa 256QAM, desibeli 6 haiwezekani.

Simu yenyewe ilikwepa tatizo: LTE hutandaza data kwa DFT (hesabu ileile ya FFT) kabla ya simu kuituma juu kwenye kituo, vilele vikapungua. DVB-T2 (mfumo wa televisheni ya kidijitali ya minara) nayo inaweza kutenga mawimbi bebaji yasiyobeba data, 288 kati ya 27,265 katika hali ya 32K (FFT ya nafasi 32,768), yapige vilele kwa kinyume. Hapo data haiguswi. Unachopoteza ni asilimia 1 ya uwezo na muda wa hesabu.

Ukipima matokeo, usitosheke na simboli 1,000. Kwa uwezekano wa 1 kati ya 1,000, kipimo hicho kinategemea tukio moja. Tumia 100,000, na upime baada ya kichujio cha mwisho.