Riwaya ya kisayansi na filamu yake hazisomwi namna moja

Mwaka 1942 Robert Heinlein aliandika sentensi ambayo sisi tunaofundisha bunilizi ya kisayansi hatuchoki kuirudia: mlango ulitanuka. Haukufunguliwa, ulitanuka, kama mboni ya jicho gizani. Hakueleza zaidi. Msomaji ndiye anayebaki kujiuliza hilo ni jengo gani, na hao ni watu gani waliolizoea hata hakuna anayegeuka kulitazama.

Samuel Delany, mwandishi na mhakiki, ameshikilia kwamba upekee wa utanzu huu uko katika jinsi tunavyousoma, wala si katika wingi wa roketi. “Dunia yake ililipuka”: katika riwaya ya mapenzi, huyo kavunjika moyo. Katika riwaya ya anga za juu, huenda kuna sayari iliyopasuka kweli, na itakubidi usome mbele ndipo ujue.

Darko Suvin, ambaye kitabu chake cha 1979 hakikwepeki katika taaluma hii, anasema hadithi ya aina hii husimama juu ya kitu kipya, novumu, kisichokuwapo kwetu lakini kinachokubalika kimantiki. Kikishaingia, ulimwengu wote wa hadithi hubadilika, nasi tunautazama wa kwetu kwa macho ya mgeni. Nadharia nzuri, ila imejengwa juu ya vitabu. Kwenye filamu mlango ukitanuka umeshatanuka. Kamera imeuonyesha na mtazamaji hana la kukisia. Si ajabu kwamba mhakiki Susan Sontag, mwaka 1965, alisema filamu hizi hazihusu sayansi hata kidogo. Zinahusu maangamizi, na raha yake ni kuona miji ikiporomoka.

Ningeishia hapo kama si 2001: A Space Odyssey. Mwongozaji Stanley Kubrick na mwandishi Arthur C. Clarke waliisuka hadithi hiyo pamoja, filamu na riwaya zikatoka mwaka mmoja, 1968. Hapa mambo yamepinduka: kitabu ndicho chenye maneno mengi. Kinakueleza waziwazi kwamba HAL, kompyuta inayoendesha chombo, ilivurugwa na amri ya kuwaficha wanaanga lengo la safari. Filamu haikutafunii hivyo. Mwanaanga anapokatiwa mrija wa hewa, sauti yote inatoweka, maana huko nje hakuna hewa ya kuibeba. Unamwona tu akitapatapa. Kumbe kamera nayo hujua kunyima, na hapo ndipo Suvin anaanza kufaa kwenye filamu: mtazamaji naye ana pengo la kujaza.

Ila si kila tofauti ina falsafa ndani yake. Kitabuni chombo kinaipita sayari ya Mshtarii kuelekea ile ya Zohali. Kwenye filamu safari inaishia Mshtarii. Nimesahihisha insha zinazolitafutia jambo hilo maana nzito. Ukweli ni kwamba mafundi wa Kubrick walishindwa kutengeneza pete za Zohali zikaaminika.