Thailand: uongo tunaoambiana kabla ya kupanda ndege

Kila anayekwenda Bangkok mara ya kwanza, awe anaenda kufunga mzigo wa nguo soko la Pratunam au kula bata tu, anaondoka na mafundisho ya kijiweni, na mengi ni nusu ukweli.

La kwanza: eti ukifika piga wai kila mtu, ile ya kuunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa, utaonekana una adabu. Jamani hapana. Wai ichukulie kama shikamoo, ina wa kuitoa na wa kuipokea, mdogo ndo anamwanzia mkubwa, sasa we mtu mzima ukimwanzia mtoto au muuza duka ni sawa na kumpa shikamoo mtoto wa darasa la tatu, hawatakutukana ila ukitoka hapo utachekwa. Muuza duka akikupigia yeye, tabasamu na uiname kidogo, imeisha hiyo. Kwa mzee anza wewe, na kwa mtawa mikono inapanda mpaka vidole gumba vifike katikati ya nyusi. Mtawa harudishi wai, usione umedharauliwa. Na dada zangu, mtawa haguswi na mwanamke, hata ukimpa kitu unakiweka chini au kwenye kitambaa chake anakichukua mwenyewe.

Halafu kuna hii ya "Wathai wanacheka tu, huwezi kuwaudhi". Hapa ndo wengi wanaumia. Tabasamu la kule linaweza kuwa furaha, aibu, au hasira iliyomezwa, na hakuna atakayekwambia umekosea. Mi nilimpapasa mtoto kichwani kama tunavyofanya huku kwa mapenzi, mama yake akatabasamu, akamvuta mtoto taratibu. Kumbe kichwa kwao ndo sehemu tukufu kuliko zote na mguu ndo wa chini kabisa, kwa hiyo usimwelekezee mtu unyayo, na hekaluni kaa miguu umeikunja nyuma isiielekee sanamu ya Buddha. Na ukipandisha sauti kaunta ujue shida yako haitatatuliwa siku hiyo, utaachwa ubweke.

Kitu ambacho hakina tabasamu kabisa ni ufalme. Watu wanadhani ni mambo ya zamani. Kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai, kile cha kumtukana mfalme, kipo na kinafanya kazi, ni miaka 3 mpaka 15 kwa kila kosa, na watu wamefungwa kwa posti za mtandaoni tu. Noti zina picha ya mfalme, ikipeperuka usiikanyage kuizuia. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa ukipigwa stesheni au bustanini, simama kama wenzio.

Eti kila kitu wanakula kwa vijiti? Vya tambi hivyo. Wali wanakula kwa kijiko, uma unasukumia tu. Na ule wali wa kunata, khao niao, unafinyangwa tonge kwa vidole, mla ugali hafundishwi hapo.

Waislamu wanaambiwa watashinda njaa, uongo mwingine, Pattani, Yala na Narathiwat kule kusini wengi ni Waislamu na Bangkok misikiti ipo, tafuta alama ya halali. Ila supu za barabarani uliza kwanza, nguruwe ni mwingi.

Bangi "ni huru kule"? Waliilegeza 2022, wakaibana tena 2025, sasa maua yake ni kwa cheti cha daktari. Sigara za umeme usibebe kabisa, ni marufuku kuziingiza.

Dereva wa bajaji akikwambia Kasri Kuu la wafalme pale Bangkok (Grand Palace) limefungwa leo, twende nikupeleke duka la vito, we cheka na upite. Nenda mpaka getini, mabega na magoti yawe yamefunikwa.

Karatasi: sisi wa Afrika Mashariki lazima kadi ya homa ya manjano, na chanjo iwe imetimiza siku 10. Fomu ya kuingia, TDAC, ni bure, anayekutoza ni tapeli.

Na wanaosema saa zao hazieleweki hao siyo Waswahili. Saa moja usiku kwetu, Mthai wa kawaida anasema nueng thum, yaani moja, saa mbili ni song thum, hivyohivyo mpaka tano. Mzungu ndo anakuna kichwa.