Si 1948, jamani

Wiki hii tena mwanafunzi kaniandikia kuwa Wapalestina walifika Amerika "baada ya kufukuzwa 1948", yaani katika vita vya kuundwa kwa Israel. Kwa sentensi hiyo nimemaliza kalamu nyekundu ngapi! Acha niieleze hapa, mwingine akirudia nimtumie kiungo tu.

Chukua Bethlehemu, mji wa mafundi wa misalaba na rozari za mzeituni, na makasha ya kunakshiwa lulumizi. Mteja wao alikuwa hujaji. Mwaka 1876 baadhi ya wafanyabiashara wakachoka kumngoja, wakabeba mzigo hadi maonyesho ya dunia ya Philadelphia, Marekani. 1893 wakawa Chicago. Fedha zikarudi nyumbani, na habari za fedha hazihitaji tarishi. Wengi wakaelekea Chile, Honduras na El Salvador (Amerika si Marekani peke yake). Huko walianza kama machinga, furushi begani, baadaye duka, baadaye kiwanda cha nguo.

Vitabu hupenda kusema walikimbia jeshi la Waosmani, dola ya Kituruki iliyotawala Palestina wakati huo. Lakini Wakristo, kama mafundi hawa wa misalaba, walianza kulazimishwa kuingia jeshini mwaka 1909. Sasa yule wa 1876 alikimbia nini? Sikatai, kuandikishwa kuliongeza kasi. Ila sababu hii nimeifundisha miaka mingi, na kila mwaka naiamini kidogo zaidi. Babu kuwaambia wajukuu "nilitoroka jeshi" kunapendeza kuliko "nilifuata hela".

Kinachoniudhi hasa ni kwamba 1948 inafunika 1925. Wahamiaji walisafiri na karatasi za Kiosmani, ndiyo maana Amerika ya Kusini wakaitwa *turcos*, yaani Waturuki, na halikuwa jina la heshima. Dola hiyo ya Waosmani ikafa. Waingereza, waliokuwa wakiitawala Palestina, wakatoa sheria ya uraia mwaka 1925: aliyekuwa akiishi nchini akawa Mpalestina papo hapo, aliyezaliwa Bethlehemu lakini yuko Santiago, Chile, akaambiwa aombe. Wengi waliomba wakakataliwa. Fikiria umejenga nyumba kwenu kwa fedha za furushi, kisha karani anakwambia hapa si kwenu. Wala risasi haijalia.

Uchaguzi wa rais El Salvador, 2004: Antonio Saca wa mrengo wa kulia dhidi ya Schafik Handal wa kushoto. Wazee wa wote wawili walitoka Bethlehemu. Saca akashinda. Handal alizaliwa Usulután, huko huko El Salvador, mwaka 1930. Haya, toeni wenyewe 1930 kwenye 1948.