Bega Likiumia kwa Kuanguka na Baisikeli, Eksirei Kwanza, Mchuaji Hapana

Jumapili alfajiri vijana wengi wa Mombasa hutoka na baisikeli za gia kwenda kupanda vilima vya Mazeras, Rabai na Kwale. Wenye pumzi zaidi hufika mpaka milima ya Taita. Ni mchezo mzuri na simkatazi mtu. Tatizo langu huanza baadaye. Jumanne, au Ijumaa, au wiki tatu zikishapita, huingia chumba chetu cha tiba ya viungo kijana ameushika mkono mmoja kwa mwenzake, bega limefura, na kabla hajasema lolote nasikia harufu ya mafuta ya karafuu. Hapo huwa nishajua alikotoka. Haya hapa ni maswali ninayoulizwa na wagonjwa hao na mama zao, na majibu ninayowapa.

Nikianguka na baisikeli, bega huumia vipi hasa?

Kwenye mteremko ukibana breki ya mbele kwa ghafla, gurudumu husimama na wewe hurushwa juu ya usukani. Ukitua kwa bega, kinachovunjika sana ni mtulinga, ule mfupa mwembamba unaotoka chini ya koo kwenda begani. Pengine mtulinga hubaki mzima lakini kano zinazoufunga kwenye ncha ya bega hukatika, basi ncha yake hutuna juu ya bega kama kinundu. Ukitanguliza kiganja ili kujikinga, kichwa cha mfupa wa mkono huweza kuchomoka kwenye kikombe chake, na hilo ndilo tunalosema bega limetoka. Takriban mara 95 kati ya 100 hutokea upande wa mbele. Tena kuna kano nne zinazolizungusha bega, nazo huweza kuchanika hata kama hakuna mfupa uliovunjika.

Nitajuaje ni lipi kati ya hayo?

Hutajua. Mimi mwenyewe, nikiwa na miaka yangu yote kazini, siwezi kuapa kwa kutazama tu. Bega lililotoka na bega lililovunjika shingo ya mfupa, yaani pale chini kidogo ya kichwa cha mfupa wa mkono, huuma sawa na kufura sawa, na mara nyingine yote mawili huwa pamoja kwenye bega moja. Ndiyo maana kuna eksirei.

Na tafadhali, tuache lile neno la kwamba vidole vikicheza basi hakujavunjika. Misuli inayochezesha vidole iko kwenye kigasha na kiganja. Haina habari na mtulinga wako. Nimeona watu wanaandika ujumbe kwa simu huku mtulinga umekatika vipande viwili.

Nimeanguka sasa hivi, bado niko njiani. Nifanye nini?

Bega lisubiri kidogo. Anza na kichwa, shingo na kifua. Kama ulipoteza fahamu, unatapika, shingo inauma kwenye mfupa, au ukivuta pumzi unakosa hewa, usipande baisikeli tena na usikae nyuma ya bodaboda. Itafutwe gari. Kama shingo ndiyo inayouma, lala hapo hapo bila kugeuzwageuzwa mpaka wafike watu wanaojua kukubeba.

Kama ni bega tu, uache mkono pale ulipotulia wenyewe. Usiunyooshe. Ufunge kwa leso, mtandio au jezi, ukining'inizwa shingoni, na kiwiko kimeegemea mbavu. Vua pete na saa mapema kabla vidole havijafura. Barafu ifunikwe kwa kitambaa, uiweke dakika 15 hadi 20 kisha uitoe. Siku mbili tatu za mwanzo hakuna maji moto, hakuna chumvi moto, hakuna mafuta ya moto, maana joto huzidisha uvimbe. Usile mlo mzito njiani, kwa sababu huenda ukahitaji dawa ya usingizi ndipo bega lirudishwe, na daktari ataogopa kukupa tumbo likiwa limejaa.

Halafu nenda hospitali iliyo karibu yenye eksirei, siku hiyo hiyo. Ukiangukia Taita, usiipite Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Voi ukisema utatibiwa nyumbani. Kutoka Voi mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 150, na kila saa bega likiwa nje misuli inazidi kukaza. Ukiwa upande wa Kwale, usivuke feri ya Likoni na bega lililotoka eti kwa sababu wamzoea daktari wa ng'ambo.

Mtaani kwetu kuna mzee amewachua watu miaka mingi, na wamepona. Kwa nini nisianze kwake?

Kwa sababu hana macho ya kuona ndani ya nyama, na wewe huna, na mimi sina.

Simdharau mzee huyo. Wengi wao ni watu wema, na mtu aliyekaza mgongo kwa kazi za bandarini au aliyelala vibaya shingo ikamuuma, mafuta na mkono mzuri humpa nafuu ya kweli. Kwenye bega lililoumia kwa kuanguka mambo ni mengine. Chini ya kwapa hupita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono mzima, na pembeni yake mishipa ya fahamu inayoupa mkono nguvu na hisia. Mfupa uliovunjika una ncha. Ukiuvuta na kuuzungusha bila kujua ncha iko wapi, unazungusha kisu karibu na mishipa hiyo. Mfupa uliokuwa na ufa tu hutengana kabisa. Kano iliyochanika nusu hukatika kabisa. Na msuli uliojaa damu ya ndani ukichuliwa kwa nguvu siku baada ya siku huweza kuota mfupa ndani yake, kisha bega likakataa kuinuka.

Wale waliopona kwake, wengi wao walikuwa na mshtuko wa msuli ambao ungepona hata wangelala nyumbani. Waliokaa vibaya hawarudi kwake kumwambia. Wanakuja kwetu.

Je, akinipaka mafuta taratibu tu, bila kuvuta?

Hapana.

Najua jibu hili huwaudhi akina mama, kwa kuwa ndio waliokwenda kununua mafuta usiku kwa mapenzi. Lakini sijaona bado mchuaji anayeishia kwenye kupaka. Anapaka, anapapasa, anasikia kitu kimekaa kando, anasema "hapa pana kitu kimeruka", halafu anavuta. Hapana mpaka eksirei ipigwe. Mafuta hayaozi. Yatasubiri.

Na rafiki yangu akinivuta pale pale nilipoanguka? Tumeona kwenye video.

Hapana tena. Kwenye video huonyeshwa bega lililorudi. Halionyeshwi bega lililokuwa na mfupa uliovunjika shingo, likavutwa na mfupa ukaachana, na kijana ambaye angevaa kitambaa wiki chache akaishia kwenye chumba cha upasuaji kuwekewa chuma. Kama mmefunzwa huduma ya kwanza, kazi yenu ni kuufunga mkono na kumfikisha mwenzenu hospitali.

Si hospitali pia wanavuta tu? Tofauti iko wapi?

Wanavuta, ndiyo. Lakini kwanza wanagusa ngozi ya nje ya bega, pale askari hubandika beji, wakuulize kama unasikia, kwa sababu mshipa wa fahamu wa pale huumia mara nyingi bega likitoka. Wanatafuta mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono. Wanapiga picha. Wanakupa dawa ya kuua maumivu na kulegeza misuli, ndipo wanalirudisha polepole bila kupigana nalo. Wakimaliza wanapiga picha ya pili na kugusa tena ile ngozi. Mchuaji hutegemea nguvu kwa sababu hana dawa ya kulegeza msuli, na nguvu ndiyo inayovunja.

Ninaogopa gharama. Mchuaji ni rahisi zaidi.

Hofu hii naielewa, na siwezi kusema eksirei ni bure. Ila ujue mawili. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na bega lililotoka huku mkono umepoa au una ganzi ni dharura. La pili, tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa, NHIF, nafasi yake imechukuliwa na SHA. Jiandikishe leo ukiwa mzima. Vijana wanaonunua baisikeli ya maelfu ya shilingi halafu hawajajiandikisha, nashindwa kuwaelewa.

Bega lililorudishwa siku ile ile kwa kawaida hurudi bila kupasuliwa. Bega lililokaa nje wiki tatu huwa limeanza kushikana na nyama za jirani, kulivuta huwa hatari kwa mfupa na kwa mshipa wa damu, na mara nyingi linalobaki ni upasuaji. Gharama uliyoikwepa kwa kwenda kwa mchuaji unaikuta huko mbele imekusubiri, tena imenenepa.

Ni dalili zipi zisizongoja hata asubuhi?

Vidole vya baridi au vilivyopauka. Ganzi, au mkono kukosa nguvu. Mfupa uliotoboa ngozi, au unaoisukuma ngozi mpaka imekuwa nyeupe. Kukosa pumzi. Bega lililopoteza duara lake likawa bapa, na mkono haukubali kugusa bega la upande wa pili. Usiseme "tuone kesho". Usiku huo huo.

Nimemeza dawa za maumivu, zimetulia. Bado niende?

Uende. Dawa imetuliza maumivu, mfupa haijaugusa. Na usinunue diclofenac dukani ukaimeza wiki mbili mfululizo, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo.

Mkono ukae kwenye kitambaa muda gani?

Inategemea ulichoumia, na daktari ndiye atakayekupa tarehe. Kwa kawaida bega lililotoka likarudishwa hukaa wiki 1 hadi 3. Mtulinga wa mtu mzima huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga, ingawa kitambaa chenyewe huvuliwa mapema kuliko hapo, na mingi huunga bila upasuaji.

Hapa nina ugomvi wa pili na wagonjwa wangu. Wapo wanaoambiwa wiki tatu wakakaa miezi mitatu, kwa hofu. Bega lisilotikiswa huganda. Utando unaolizunguka hukaza, na siku ukitaka kuchana nywele au kufunga leso hulifikishi. Waliopita miaka 40 na wenye kisukari huganda upesi zaidi, na Mombasa kisukari tunacho nyumba kwa nyumba. Hata ukiwa ndani ya kitambaa, kunja na kunjua vidole, zungusha kifundo, na ukiruhusiwa utoe kiwiko ukinyooshe mara kadhaa kwa siku.

Mazoezi ya mwanzo ni yapi?

Ukishapewa ruhusa, inama mbele ukiegemea meza kwa mkono usioumia, uuache mkono mgonjwa uning'inie kama kamba ya ndoo kisimani, kisha uuyumbishe kwa mwili, si kwa misuli ya bega. Mbele na nyuma, kando kwa kando, duara dogo. Dakika mbili tatu, mara tatu kwa siku. Baadaye hutambaza vidole ukutani kupanda juu, kila siku kidogo kupita jana. Nguvu hufuata mwishoni. Maumivu ya kuvuta kidogo yanayoisha ukipumzika ni sawa. Maumivu yanayokuamsha usiku maana yake umezidisha.

Kama eksirei ilikuwa safi na bado baada ya wiki tatu mkono hauinuki wenyewe, rudi. Huenda ni kano iliyochanika, na kano haionekani kwenye eksirei. Itahitaji altrasaundi.

Lini nipande baisikeli tena?

Baisikeli ya mazoezi iliyosimama ndani, mapema, mkono ukiwa umepumzika. Njia ya lami, pale unapoweza kubana breki zote mbili na kugeuka kutazama nyuma bila maumivu. Vilima vya mawe, miezi mitatu au minne kwa wengi, na nguvu ya mikono miwili iwe karibu sawa. Kijana wa chini ya miaka 20 ambaye bega lake lilitoka anisikilize vizuri zaidi, maana kwa umri wake bega hupenda kutoka tena, na kila likitoka linaharibu ukingo wa kikombe chake.

Mimi nishachuliwa. Ni wiki mbili sasa na mkono bado hauinuki. Nimechelewa?

Umechelewa, lakini bado kuna la kufanya, na wiki ya tatu ikiisha litakuwa dogo zaidi. Acha kuchuliwa leo, hata kama umeshalipia siku zilizobaki. Funga mkono, nenda hospitali yenye daktari wa mifupa, uombe bega hilo lipigwe eksirei kutoka pande mbili. Mwambie ukweli: ulianguka lini, ulichuliwa mara ngapi, ulivutwa kwa upande gani, ulisikia mlio, ganzi ilianza kabla au baada. Wagonjwa wengi hulificha hili kwa haya, na daktari anabaki kukisia. Hatutakugombeza. Tunayahitaji maelezo hayo ili tujue tuguse wapi na tusiguse wapi.